Mwongozo wa kuandaa mpango wa miaka mitano wa maktaba za shule katika halmashauri

Maswali yanayoletwa na maafisa elimu kata, walimu wakuu na maafisa taaluma wanaotakiwa kuandaa mpango wa maktaba ni yale yale kila mwaka: tuanze na jengo au na vitabu, nani atakaa maktabani ilhali walimu wenyewe hawatoshi, tupokee au tusipokee vitabu vya msaada tulivyoahidiwa, na fedha itatoka kifungu gani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako uliyeambiwa na Mkurugenzi kwamba rasimu inatakiwa mezani na hujui uanzie wapi. Mifano yake ni ya shule za msingi za serikali Tanzania Bara. Wewe wa sekondari utabadilisha takwimu, lakini mpangilio wa kazi ni ule ule.

Jambo moja lishike tangu sasa, kwa kuwa hatua zote zinalitegemea. Mpango wa maktaba huanza na mwanafunzi aliyeshika kitabu katika kipindi kinachojulikana kwenye ratiba, ndipo unarudi nyuma kumtafuta msimamizi, vitabu, chumba na fedha. Walioanza na jengo wengi wao leo wana jengo lenye madawati mabovu ndani, au wana darasa la ziada ambalo mlangoni pameandikwa “Maktaba”.

Mahitaji kabla ya kuanza

Usiitishe kikao chochote kabla hujakusanya vitu hivi:

- Takwimu za wanafunzi za kila shule, kwa darasa na kwa mkondo, pamoja na idadi ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu.
- Ratiba kuu ya kila shule kama inavyotumika, kwa sababu iliyobandikwa ofisini mara nyingi ni ya muhula uliopita.
- Mpango wa Jumla wa Maendeleo ya Shule wa kila shule.
- Ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, ya walimu na watumishi wa idara ya elimu.
- Mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti wa mwaka husika na ukomo wa bajeti wa idara yako.
- Orodha ya vitabu vya ziada vilivyopewa ithibati, ambayo utaipata kupitia Taasisi ya Elimu Tanzania (TET).
- Mawasiliano ya maktaba ya mkoa iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Bodi hiyo ipo kwa sheria tangu miaka ya 1960, na ushauri kwa maktaba za shule ni sehemu ya kazi yake, lakini halmashauri nyingi hazijawahi kuiandikia hata barua moja.
- Mchumi au afisa mipango wa halmashauri anayeingiza takwimu kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti za halmashauri. Huyu mtafute mapema, umwombe kwa adabu, na umweleze kazi yote tangu mwanzo.

Kuhusu muda, mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini vikao vya halmashauri vinavyopitisha bajeti hukaa Januari na Februari. Kwa hiyo ukaguzi wa shule unatakiwa uwe umekamilika Septemba na rasimu iwe tayari ifikapo Novemba. Anayeanza kukusanya takwimu Januari anapanga mpango wa mwaka kesho kutwa.

Hatua ya 1: Unda timu ndogo inayoweza kukutana

Watu sita au saba wanatosha: afisa taaluma, afisa elimu kata mmoja wa mjini na mmoja wa vijijini, mwalimu mkuu mmoja, mwalimu mmoja anayefundisha darasa la kwanza au la pili, mthibiti ubora wa shule, na mwakilishi wa maktaba ya mkoa. Mwalimu wa madarasa ya chini asikosekane hata kidogo, maana ndiye anayejua kwamba mtoto wa darasa la pili hasomi kitabu cha kurasa 60 hata kiwe kizuri namna gani. Madiwani watakuja kwenye hatua ya vikao. Kuwaingiza kwenye timu ya kuandika rasimu hugeuza kila mkutano kuwa mvutano wa kata ipi ianze.

Hatua ya 2: Kagua hali halisi kwa macho

Fomu ya kujazwa na walimu wakuu haitoshi. Ukiuliza “Je, shule ina maktaba?” utajibiwa ndiyo na shule yenye kabati moja lililofungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake anao mwalimu aliyehamishwa. Tembelea angalau shule moja katika kila kata, na ukifika uliza mambo manne tu.

(a) Omba kuona daftari la kuazimishia vitabu, uangalie tarehe ya mwisho kuandikwa. Daftari hilo litakueleza mengi kuliko maelezo ya mdomo.

(b) Chukua vitabu 50 mfululizo kutoka kwenye rafu, uvigawe mafungu matatu: vya kiada, vya ziada na rejea, na vya hadithi. Mara nyingi utakuta fungu la kiada limezidi yote mengine kwa mbali. Hiyo ni stoo ya vitabu, na katika taarifa yako iandike hivyo.

(c) Angalia paa, madirisha na sehemu ya chini ya kuta. Njia za mchwa ukutani zinaonekana kama mishipa ya udongo. Rafu za mbao zilizogusana na ukuta wa namna hiyo zimekwisha hata kama kwa nje zinang’aa.

(d) Mwombe mwanafunzi mmoja wa darasa la nne akuoneshe kitabu alichokisoma wiki iliyopita. Usimwombe anayechaguliwa na mwalimu.

Hapo hapo katika ukaguzi kadiria idadi ya wanafunzi wa miaka ijayo, jambo ambalo mipango mingi hulipita. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024 kwa madarasa ya mwanzo na darasa la tatu, na elimu ya msingi chini yake inaishia darasa la sita. Wanafunzi walioingia darasa la tatu mwaka 2024 wanatarajiwa kumaliza darasa la sita mwaka 2027, sambamba na wenzao wa mwisho wa darasa la saba. Maana yake kwako ni mambo mawili. Kwanza, kidato cha kwanza mwaka 2028 kitapokea makundi mawili kwa mpigo, kwa hiyo mpango wa maktaba za sekondari unaochukua idadi ya sasa na kuongeza kidogo utapitwa. Pili, kila shule ya msingi itabakiwa na vyumba vilivyokuwa vya darasa la saba. Shule yenye mikondo miwili ya darasa la saba itakuwa na vyumba viwili visivyo na wenyewe, na mwalimu mkuu ambaye hajaandika mapema kwamba kimoja kati ya hivyo ni cha maktaba hatakipata tena, kwani madarasa ya chini yaliyofurika yatakimbilia humo wiki ya kwanza ya muhula. Azimio la kamati ya shule kuhusu chumba hicho liandikwe kwenye muhtasari sasa.

Hatua ya 3: Fanya hesabu ya vipindi kabla ya kuwaza chumba

Hesabu hii ni nyepesi na inaokoa fedha nyingi. Tuseme shule ina wanafunzi 900, mikondo miwili kuanzia darasa la kwanza hadi la saba, yaani mikondo 14 yenye wastani wa wanafunzi 64 kila mmoja, na ratiba ina vipindi 8 kwa siku, sawa na 40 kwa wiki. Chumba cha maktaba kinakalisha wanafunzi 35 kwa utulivu. Kila mkondo lazima ugawanywe mara mbili, kwa hiyo ili kila mwanafunzi aingie maktabani mara moja kwa wiki vinahitajika vipindi 28. Vinabaki 12 kwa ajili ya kuazimisha, kutengeneza vitabu na kuwapokea watoto wa awali. Chumba kimoja kinatosha.

Sasa chukua shule ya wanafunzi 1,800 yenye mikondo minne kila darasa. Mikondo ni 28, mara mbili ni vipindi 56, na wiki ina 40. Hata ukijenga maktaba nzuri kuliko zote mkoani, zaidi ya robo ya shule haitaingia. Shule ya namna hii inahitaji mpango mchanganyiko: darasa la kwanza hadi la tatu wawe na kona ya kusomea au sanduku la vitabu ndani ya darasa lao, na chumba kiachwe kwa darasa la nne hadi la saba, ambao mikondo yao 16 itachukua vipindi 32.

Fanya hesabu hii kwa kila shule na uzipange shule zako katika makundi matatu: zinazotosheka na chumba kimoja, zinazohitaji mpango mchanganyiko, na ndogo sana ambazo sanduku la vitabu linalozunguka linazitosha kabisa. Usione haya kuiandikia shule sanduku. Sanduku la bati lenye vitabu 100, likibebwa na bodaboda kutoka shule moja hadi nyingine kila baada ya wiki sita, huwafikia watoto wengi kuliko jengo lililofungwa.

Hatua ya 4: Mpate msimamizi

Hapa ndipo mipango mingi inapokwama, na ndiyo maana nashauri hatua hii ije kabla ya ile ya vitabu. Shule nyingi za msingi za serikali hazina mkutubi, na ombi la kuajiri mkutubi kwa kila shule halitapita. Lililo ndani ya uwezo ni muundo wa ngazi tatu.

Ngazi ya halmashauri, omba kwenye ikama nafasi moja ya mkutubi au msaidizi wa mkutubi mwenye taaluma, atakayezunguka shuleni, kufundisha walimu na kusimamia ununuzi wa vitabu. Wahitimu wa fani hii wapo, wakiwemo wa chuo cha ukutubi cha Bagamoyo kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba.

Ngazi ya shule, teua walimu wawili wa maktaba. Sisitiza wawili, kwa sababu uhamisho, likizo ya uzazi na masomo humwondoa mmoja bila taarifa. Kila mmoja apewe barua ya uteuzi yenye majukumu, na vipindi vyake vya kufundisha vipunguzwe kwa idadi inayotajwa ndani ya barua. Mwalimu mwenye vipindi 30 aliyeongezewa maktaba kwa maneno ya mdomo ataifungua siku mgeni anapokuja.

Ngazi ya wanafunzi, chagua wakutubi wanafunzi kutoka darasa la tano na la sita, wawili kwa kila mkondo. Wanaweza kuandika daftari la kuazimishia, kupanga vitabu kwa rangi na kuwasomea hadithi watoto wa darasa la kwanza. Wasiachiwe kazi ya kufuatilia vitabu vilivyopotea kwa wenzao. Hiyo huzaa ugomvi.

Tahadhari: mkondo ukigawanywa mara mbili, nusu iliyobaki darasani nayo inahitaji mtu. Njia inayofanya kazi ni mwalimu wa Kiswahili au wa Kiingereza kubaki na nusu yake akiwapa zoezi la kuandika, huku mwalimu wa maktaba akiwa na nusu nyingine, na wiki inayofuata wabadilishane. Ikiwa shule haina walimu wa kutosha hata kwa hilo, iweke katika kundi la kona za darasani.

Hatua ya 5: Chagua vitabu kwa uwiano ulioandikwa

Miongozo ya maktaba za shule iliyotolewa mwaka 2002 na IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, kwa kushirikiana na UNESCO ilitaja vitabu kumi kwa kila mwanafunzi. Kipimo hicho ni kizuri kukijua, ila ukikiweka kama lengo la mwaka wa kwanza katika halmashauri yenye wanafunzi 80,000 utachekwa kikaoni, na kwa haki. Anza na kitabu kimoja kisicho cha kiada kwa kila mwanafunzi, halafu panda polepole.

Kwa shule ya wanafunzi 900, vitabu 900 vigawe katika vichwa 150 vyenye nakala sita kila kimoja. Nakala sita zinawezesha kikundi kusoma hadithi moja pamoja. Nakala moja moja ya vichwa 900 huonekana nyingi rafuni na humkatisha tamaa mwalimu. Nusu ya vichwa viwe vya madarasa matatu ya kwanza. Vitabu vya Kiswahili viwe vingi kuliko vya Kiingereza, lakini kwa darasa la tano na kuendelea ongeza Kiingereza chepesi, kwa kuwa mwanafunzi huyo huyo atakuta masomo karibu yote ya sekondari yanafundishwa kwa lugha hiyo. Tenga pia sehemu ya fedha kwa ajili ya vitabu vya nukta nundu na vya maandishi makubwa pale takwimu zako zinapoonesha wapo wanaovihitaji. Mwanafunzi mwenye ualbino anayesomea maandishi ya kawaida kwa kuinamia karatasi haoni faida ya maktaba.

Vyanzo ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania na wachapishaji wa ndani kama Mkuki na Nyota wametoa hadithi nyingi za Kiswahili. African Storybook na StoryWeaver wanaweka hadithi mtandaoni, zikiwemo za Kiswahili, kwa leseni huria inayoruhusu kuzichapa. TET nayo ina maktaba mtandao ya vitabu vya kiada, ambayo itakupunguzia haja ya kuzijaza rafu kwa vitabu hivyo. Kwa shule zenye umeme au sola lakini zisizo na intaneti ya uhakika, programu kama Kolibri huwekwa kwenye kompyuta moja na kusomwa na vifaa vingine bila mtandao wa nje. Hata hivyo, usiandike vishikwambi katika mwaka wa kwanza wa mpango. Kitabu cha karatasi hakihitaji chaji wala nywila, na mwalimu hahitaji semina ili kukifungua.

Tahadhari kuhusu vitabu vya msaada: andika ukurasa mmoja wa masharti ya kupokea vitabu, upitishwe na timu ya menejimenti ya halmashauri, na umpe kila anayejitolea kabla hajatuma chochote. Masharti yataje lugha, ngazi ya darasa, hali ya kitabu, na haki ya halmashauri kukataa. Kontena la vitabu vya zamani vya sheria za kodi za nchi nyingine hugharimu fedha kulitoa bandarini, kulisafirisha na hatimaye kuliteketeza. Maudhui yasomwe kabla ya kugawa: Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 vya ziada shuleni, na kazi ya kuvisaka rafuni kimoja kimoja iliwaangukia wale ambao hawakuwa na orodha ya vitabu walivyo navyo.

Hatua ya 6: Andaa mahali na namna ya kutunza

Rafu za chuma ni bora panapo mchwa. Ziachane na ukuta kwa sentimita kumi hivi, na ubao wa chini uinuke kutoka sakafuni. Kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili rafu ya juu isizidi kimo cha sentimita 120.

Vitabu vya hadithi vya watoto vyenye kurasa 16 hadi 32 hubanwa kwa pini katikati na havina mgongo wa kuandikia. Ukivisimamisha rafuni kama kamusi vinateleza, vinakunjika, na mtoto haoni jina. Viweke kwenye masanduku ya plastiki au ya kadibodi ngumu, jalada likitazama mbele, na utepe wa rangi wa ngazi ya usomaji ubandikwe pembe ya juu kushoto ya jalada. Rangi tano zinatosha shule nzima. Namba za mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu kwa mada, ziachie sekondari, na hata huko tumia tarakimu tatu za mwanzo tu.

Kila kitabu kiingizwe kwenye daftari la usajili kabla hakijagusa rafu: namba, tarehe, jina la kitabu, mwandishi, kilikotoka, bei. Muhuri wa shule upigwe ukurasa wa jina na ukurasa mmoja wa ndani uliochaguliwa na kujulikana na walimu, ule ule kwa vitabu vyote.

Hatua ya 7: Panga awamu na gharama kwa miaka yote mitano

Tuendelee na mfano, ukijua kwamba bei utazibadilisha kwa nukuu halisi. Halmashauri ina kata 18 na shule za msingi 90 zenye wastani wa wanafunzi 900. Kila shule inahitaji vitabu 900 kwa wastani wa Sh5,000, yaani Sh4,500,000. Kwa shule zote ni Sh405,000,000, kiasi ambacho hakuna kikao kitakachokipitisha kwa mkupuo. Ukichukua shule moja katika kila kata kila mwaka, unapata shule 18 na Sh81,000,000 kwa mwaka, na kila diwani anaona jina la kata yake kwenye awamu ya kwanza. Mbinu hiyo peke yake imenusuru rasimu nyingi.

Sehemu inayosahaulika ni vitabu vinavyochakaa na kupotea. Weka asilimia 10 ya thamani ya vitabu kila mwaka kwa ajili ya kufidia, yaani Sh450,000 kwa shule. Hesabu inakuwa hivi:

- Mwaka wa 1: Sh81,000,000
- Mwaka wa 2: Sh89,100,000
- Mwaka wa 3: Sh97,200,000
- Mwaka wa 4: Sh105,300,000
- Mwaka wa 5: Sh113,400,000
- Mwaka wa 6 na kuendelea: Sh40,500,000 kila mwaka

Mstari wa mwisho ndio mpango wenyewe. Mfadhili anaweza kulipa miaka mitano ya kwanza akapiga picha na kuondoka. Hizo Sh40,500,000 ni za halmashauri na shule, na zisipoandikwa tangu leo, mwaka wa nane utakuta rafu za majalada matupu. Ugawe mzigo huo. Katika mpango wa elimu bila ada, ruzuku ya uendeshaji kwa shule za msingi imekuwa Sh10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo Sh6,000 hupelekwa shuleni na zilizobaki huenda kwenye vitabu vya kiada. Shule ya wanafunzi 900 ingepokea Sh5,400,000, na fidia ya vitabu ni kama asilimia 8 ya fedha hiyo. Hakiki kiwango na mgawanyo wa mwaka wako katika mwongozo wa bajeti kabla ya kuandika, kwa sababu ruzuku hiyo ina matumizi yaliyoelekezwa na huwezi kuihamisha upendavyo. Pale ambapo shule haiwezi, tofauti itoke mapato ya ndani ya halmashauri.

Usiandike michango ya wazazi kama chanzo cha uhakika. Michango ya lazima imekatazwa, na ya hiari haitabiriki. Ikija itumike kwa rafu, mikeka na rangi za ukutani.

Gharama hizo ni za vitabu tu. Ongeza rafu, masanduku, ukarabati, mafunzo ya walimu na posho ya usafiri ya mkutubi wa halmashauri.

Hatua ya 8: Pitisha mpango kwenye vikao na uufungie kwenye bajeti

Mpango upite kwenye kamati za shule kwanza, uonekane katika Mpango wa Jumla wa Maendeleo wa kila shule ya awamu husika, uende kwenye kamati ya maendeleo ya kata, kisha timu ya menejimenti, kamati ya kudumu inayoshughulikia elimu, na hatimaye baraza la madiwani. Kwa kila kikao peleka kurasa mbili na jedwali moja. Kitabu kizima kiwe mkononi mwako kwa atakayeuliza.

Baada ya kupitishwa, kaa na mchumi mpaka uone kwa macho yako kazi ya maktaba imeingizwa PlanRep ikiwa na lengo lake na kifungu chake. Mpango uliopitishwa na baraza ukakosa kifungu utaambiwa Julai kwamba “upo kwenye mawazo ya idara”. Ununuzi wenyewe utafanyika kupitia NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma, kwa hiyo andaa mapema orodha ya vitabu kwa jina, mchapishaji na idadi. Ukiandika tu “vitabu mbalimbali vya hadithi”, mzabuni atakuletea vilivyomkalia dukani.

Hatua ya 9: Chagua viashiria vichache

Vitatu vinatosha: idadi ya vitabu vilivyoazimwa kwa mwezi ikigawanywa kwa idadi ya wanafunzi, vipindi vya maktaba vilivyofanyika kati ya vilivyopangwa, na vitabu vilivyofidiwa kwa mwaka. Mthibiti ubora na afisa elimu kata wavikague katika ziara zao za kawaida. Idadi ya maktaba zilizozinduliwa isiwe kiashiria, kwa kuwa utepe hukatwa mara moja.

Matatizo ya kawaida na namna ya kuyatatua

Ukomo wa bajeti umeshuka. Punguza idadi ya shule za awamu hiyo, usipunguze vitabu kwa shule. Shule 12 zenye vitabu 900 zitaendesha vipindi. Shule 18 zenye vitabu 600 zitalalamika. Shule zilizoahirishwa zipewe masanduku yanayozunguka, na zitangulie mwaka unaofuata kwa maandishi.

Mwalimu mkuu anafungia vitabu akihofia kudaiwa. Hofu yake ina msingi, kwa sababu vitabu ni mali ya serikali na mkaguzi atauliza. Mkurugenzi aandike waraka wa ndani unaoeleza utaratibu wa kufuta kwenye daftari vitabu vilivyochakaa kwa matumizi, ukitaja nani anathibitisha na kwa fomu ipi. Bila waraka huo kufuli litabaki.

Kipindi cha maktaba kinaliwa na mazoezi ya mitihani. Hutokea zaidi darasa la nne na la saba kuanzia Julai. Badala ya kugombana, hamishia kipindi chao asubuhi mapema au kiwe ndani ya kipindi cha lugha, na mthibiti ubora akikague kama kipindi kingine chochote.

Vitabu havirudi. Angalia kwanza kama vinapotea katika mkondo mmoja au shule nzima. Mkondo mmoja ni suala la usimamizi wa mwalimu wa darasa. Shule nzima mara nyingi ni daftari lisiloandikwa wakati wa kurudisha, na vitabu vimo humo humo shuleni. Kumtoza mzazi faini kutamzuia mtoto kuazima tena. Mwombe mzazi alete kitabu kingine cha ngazi hiyo hiyo, au mtoto asaidie kutengeneza vilivyochanika.

Mfadhili anataka kujenga maktaba katika shule isiyo kwenye awamu. Mpokee, mwoneshe jedwali la hatua ya 7, na umwombe alipie awamu nzima ya kata moja au mafunzo ya walimu. Aking’ang’ania jengo, saini makubaliano yanayotaja nani atalipa fidia ya vitabu baada ya mwaka wa pili na nani ni mwalimu wa maktaba wa shule hiyo kwa barua. Asipokubali sharti hilo, chumba kijengwe kwa ramani ya kawaida ya darasa.